Kipini kipya puani: kukitunza mpaka tundu lipone

Mdogo wangu ametoga pua wiki hii, na tangu arudi nyumbani kidole hakibanduki kwenye kipini. Nimemwandikia haya ili nisiimbe wimbo uleule kila asubuhi.

1. Kabla ya kutoga
Sindano, si bunduki ya kutogea. Bunduki huponda nyama, na ile ya plastiki haivumilii joto la mashine ya kuulia vijidudu. Kipini cha kwanza kiwe cha titaniamu ya daraja la vipandikizi (ile inayofaa kuwekwa ndani ya mwili), au dhahabu ya karati 14 kwenda juu isiyo na nikeli. Fedha hapana, huchakaa ikaacha weusi kwenye ngozi.

2. Nawa mikono
Kwa sabuni. Twende.

3. Maji ya chumvi, mara mbili kwa siku
Mimi hununua yaliyo tayari, ya asilimia 0.9, yaleyale ya dripu. Ukichanganya mwenyewe, tia robo kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto katika mililita 250 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Usiongeze chumvi ukidhani itaponya haraka, itakukausha ngozi. Lowesha shashi, ibandike dakika chache, vigaga vikilainika vifute, nje na ndani. Pamba sitaki kuiona: nyuzi zake hujisokota kwenye kijiti cha kipini, kile kinachopita tunduni. Vigaga vyeupe au vya njano hafifu si usaha, usivibandue kwa kucha.

4. Kinundu
Hapa ndipo nilipopoteza karibu miezi mitatu.

Wiki ya sita baada ya kutoga pua yangu kilitokea kinundu chekundu kama punje ya mtama, kimeegemea kipini. Nikajiambia ni keloidi, kovu lililovimba. Nikapaka spiriti, nikapaka mafuta ya mti wa chai, hata dawa ya meno (usicheke). Kila kitu kilichoma, na kinundu kikazidi kunona.

Kumbe tatizo lilikuwa kijiti. Cha kwanza huwekwa kirefu makusudi, kwa sababu pua itavimba. Uvimbe ukishuka, kwa kawaida kati ya wiki ya 4 na ya 8, hubadilishwa kikawekwa kifupi. Mimi sikuambiwa. Changu kilikuwa kinacheza mbele na nyuma mchana kutwa, kinanasa kwenye taulo, na usiku nakilalia. Fundi mwingine alinibadilishia kifupi chenye kitako bapa. Wiki tatu baadaye kinundu kilikuwa kimenywea bila dawa yoyote.

Kwa hiyo kabla hujapaka chochote, kagua: urefu wa kijiti, upande unaolalia, taulo (mimi sasa hukausha uso kwa tishu), madini ya kipini, na vidole vyako. Ule ushauri wa kukizungusha "kisigande" uache kabisa, kila mzunguko unachana nyama inayojaribu kuunga.

Keloidi yenyewe hukua polepole, huwa ngumu, na huvuka mipaka ya kidonda. Kinundu cha muwasho hukaa palepale mlangoni mwa tundu. Ila kama kwenu kuna watu wenye makovu ya kuvimba, usibahatishe, mwone daktari wa ngozi mapema.

Wekundu unaosambaa, joto, usaha mzito wenye harufu, homa: hapo ni daktari siku hiyohiyo. Na kipini usikichomoe mwenyewe, maana tundu linaweza kufumba usaha ukabaki ndani.

5. Kubadilisha
Miezi 4 hadi 6, wengine mwaka mzima. Nje hupona kwanza, ndani bado kubichi, ndiyo maana watu hudanganyika. Kabla ya hapo usikivue hata kwa usiku mmoja. Tundu jipya huweza kuziba kwa saa chache tu. Pete ingoje kabisa, kwa sababu mkunjo wake huzunguka na kusugua kila ukipenga kamasi.

Mdogo wangu ameshanunua ya kwake. Nimemfichia.