Michoro ya uzi mkononi: anza na kikombe

Chukua uzi laini wa pamba au nailoni, mita 2 hivi, funga ncha upate kitanzi. Fundo liwe dogo, likiwa kubwa litakwama katikati na utaulaumu uzi bure.

Mwanzo mmoja tu unakufungulia michoro kibao. Rivers na Haddon, wanaanthropolojia wa Uingereza, walipotunga lugha ya kuandika hizi hatua mwaka 1902, waliuita mwanzo A. Ning'iniza kitanzi kwenye gumba na kidole cha mwisho cha kila mkono, uzi ukate mbele ya kiganja. Shahada ya kulia iingie chini ya uzi wa kiganja cha kushoto, ivute, alafu shahada ya kushoto nayo ifanye hivohivo kulia ila ipite NDANI ya kitanzi kilichoko kwenye shahada ya kulia. Wengi wanapita nje, alafu wanashangaa mbona haishiki.

Sasa kikombe. Kila shahada ina uzi wa karibu yako na wa mbali, magumba yapite juu ya ule wa karibu, yaingie chini ya ule wa mbali, yarudi nao. Kila gumba sasa lina vitanzi viwili, kile cha chini kinyanyue kipite juu ya mwenzake ukivue kabisa, wataalamu hatua hii wameipa jina la Wanavajo, wenyeji wa asili wa kusini-magharibi mwa Marekani. Achia vidole vya mwisho, tanua polepole. Hapo una kikombe na kisahani chake, Wajapani wanakiita sakazuki, kile kikombe kidogo cha sake, pombe yao ya mchele.

Vidole ni vilevile kila mahali, kinachobadilika ni masharti. Ulaya na Asia kuna mchezo wa watu wawili kupokezana uzi, visiwa vya Pasifiki mtu anafanya peke yake, hata meno na vidole vya miguu vinaingia kazini. Wanavajo wanacheza majira ya baridi tu, buibui wakiwa wamelala. Wainuit wa Igloolik, huko Aktiki ya Kanada, nao walicheza jua likianza kupotea ili uzi ulinase lichelewe kuondoka, likirudi ni marufuku, maana utalizuia kupanda (mantiki yao imenyooka kabisa!). Rapa Nui, kisiwa cha Pasifiki, mchoro unaitwa kaikai na unaenda na maneno yake ya kughani, kwa hiyo ukitaka kujifunza wa kwao shika maneno kwanza, mikono itafuata mapigo.