Laptopu Inakatakata Video? Tazama Kizazi cha Prosesa Kabla ya Kuulizia Kadi Kubwa

"Fundi, niongezee kadi, muvi zinakatakata." Ombi hili nalipata sana hapa mezani kwangu Kariakoo, na jibu langu halibadiliki: kadi ya laptopu, yaani chipu ya michoro (GPU), haiongezwi kama RAM. Karibu zote zimechomelewa kwenye bodi tangu kiwandani. Na kama shida yako ni kutazama video tu, wala huhitaji kadi kubwa. Unahitaji chipu iliyozaliwa baada ya kodeki, yaani njia iliyotumika kuibana video unayoitazama.

Hapo kwenye kodeki ndipo mambo yote yalipo. Fremu moja ya 1080p ina pikseli zaidi ya milioni 2, ya 4K zaidi ya milioni 8, na kila sekunde zinapita fremu 24 hadi 60. Zikihifadhiwa bila kubanwa, flashi ya GB 64 haibebi hata nusu saa ya muvi ya 1080p. Ndiyo maana video hubanwa: kwa H.264 ya mwaka 2003, kwa HEVC au VP9 za 2013, au kwa AV1 ya 2018. Ndani ya kadi, hata ile ndogo ya Intel iliyomo kwenye prosesa, kuna kijisehemu ambacho kazi yake ni kufungua kodeki na hakuna kingine. Kodeki inayoijua, video inateleza na feni iko kimya. Isiyoijua, mzigo unaangukia prosesa: feni inavuma, betri inashuka unaiona, fremu zinarukwa, na midomo ya muigizaji inabaki nyuma ya sauti.

Mfano ninaoushika kila wiki ni HP EliteBook 840 G3 na G4, zile used za maofisini. Ziweke pamoja mezani, mtu asiyezijua hatazitofautisha. G3 ina prosesa ya kizazi cha 6, tuseme i5-6300U yenye HD Graphics 520. Hiyo HEVC ya biti 8 (biti ni kipimo cha wingi wa rangi) inaifungua bila wasiwasi, lakini HEVC ya biti 10 au VP9 ya 4K inaitoa jasho. G4 yenye i5-7200U na HD Graphics 620 inazipitisha zote mbili. Ila usinunue kwa kusoma jina kwenye kava, maana kuna G4 zilizotoka na prosesa za kizazi cha 6. Bofya kulia kwenye This PC, ingia Properties, soma namba yenyewe: 6 mwanzoni ni kizazi cha 6, 7 ni cha 7, na i5-1135G7 ni cha 11. Kwa upande wa Intel, AV1 ilianza kufunguliwa na chipu yenyewe kwenye hicho cha 11, mwaka 2020.

Sasa pima ya kwako. Fungua video, halafu Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, bonyeza GPU. Kuna kijigrafu kimeandikwa Video Decode. Kikipanda huku CPU imetulia kwenye asilimia chache, kadi inafanya kazi yake. Kikilala kwenye sifuri na CPU iko asilimia 80 au 90, umeshapata jibu. Kwenye YouTube bofya kulia juu ya video, chagua Stats for nerds. Mstari wa Codecs ukisema avc1 ni H.264, vp09 ni VP9, av01 ni AV1. Tazama pia hesabu ya dropped frames, yaani fremu zilizorukwa. Ikiwa inapanda mfululizo, ni mashine inayoshindwa. Ikiwa imetulia na gurudumu ndilo linalozunguka, hiyo ni intaneti yako, usimlaumu fundi.

Kabla hujakata tamaa, angalia draiva, ile programu inayoiendesha kadi. Hili nalikuta kwenye mashine nyingi zilizopigwa Windows upya haraka haraka: ukiingia Device Manager, chini ya Display adapters, unakuta Microsoft Basic Display Adapter badala ya jina la Intel au NVIDIA. Maana yake kadi ipo lakini imelala, na hata H.264 ya kawaida inafunguliwa na prosesa. Weka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, washa upya, na mara nyingi kazi imeisha hapo. Kwenye VLC nenda Tools, Preferences, Input/Codecs, na Hardware-accelerated decoding iache kwenye Automatic. Kwenye Chrome, ndani ya Settings, System, hakikisha graphics acceleration imewashwa.

Mashine ya zamani isiyojua VP9 ina dawa kwa YouTube: kiongezi cha Firefox kiitwacho h264ify, kinachoilazimisha ilete H.264. Utaishia 1080p, kwa kuwa juu ya hapo YouTube haitoi H.264. Lakini kama kioo chako ni cha 1366×768, na laptopu nyingi za used ndivyo zilivyo, hicho kioo hakina hata nafasi ya pikseli zote za 1080p. Hiyo 4K unayoitafuta unaimalizia bando tu.

Vipi kuhusu ubora wenyewe, rangi na ukali wa picha? Chipu mbili zinazofuata kanuni ya H.264 au HEVC zikifungua faili moja hutoa pikseli zile zile. RTX, kadi kubwa ya NVIDIA, haikupi sura nzuri zaidi ya Intel kwenye hatua hiyo. Tena laptopu nyingi zenye kadi mbili, kioo kimeungwa kwenye ile ya Intel, na ndiyo inayofungua muvi wakati NVIDIA imelala. Tofauti za kweli huja baadaye, kwenye kukuza picha na kutoa rangi. Ukiunga TV kwa HDMI na weusi ukawa kijivu kama majivu, au vivuli vikazama gizani, tafuta Quantization Range kwenye programu ya Intel ubadilishe kati ya Limited na Full. Na HDMI 1.4, iliyoko kwenye ThinkPad T470 na wenzake, inatoa 4K mara 30 tu kwa sekunde. Ukitazama mechi, mpira utauona unarukaruka badala ya kuteleza.

Wanaoniletea video za harusi zilizopigwa kwa iPhone 12 na kuendelea, HDR (rangi na mwanga mpana zaidi) ikiwa imewashwa, hizo ni HEVC ya biti 10. Kizazi cha 7 ndipo pa kuanzia. Kama unataka mashine ya kukaa nayo miaka, nenda cha 11.

Ukienda kununua, beba flashi yenye klipu ya 4K ya HEVC biti 10 na VLC ya kusakinisha. Ichomeke, fungua Task Manager pembeni, iache icheze dakika tano huku ukisikiliza feni. Muuzaji akisema dukani hakuna intaneti, mwambie bosi wangu, siihitaji.