Kusoma kamusi za kale na vitabu vya mimea na ndege: uanzie wapi, ufuate nini

Kamusi ya zamani haisomwi kwa kuanzia A. Anayejaribu huchoka kabla hajafika B, tena huondoka na picha potofu ya lugha, kwa kuwa kurasa za A katika kamusi yoyote ya Kiswahili zimejaa maneno yenye asili ya Kiarabu: abudu, adabu, adhabu, adui, afya, ahadi, akili, amani. Ya Kibantu yanayoanzia hapo ni machache, kina amka, anguka, anika na anza. Kurasa za K, M na U nazo zimevimba kwa sababu ya viambishi vya ngeli, si kwa sababu ya wingi wa mambo. Alfabeti imewekwa ili utafute. Mpangilio wa kusoma unauweka mwenyewe, na unauweka kwa swali.

Hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika usomaji huu, na linahusu pia vitabu vya zamani vya mimea, ndege na wanyama. Ingia na swali moja dogo, fungua vitabu viwili au vitatu kwa pamoja, kisha uache kimoja kikupeleke kwa kingine. Raha yake inakuja hapo, pale kitabu cha 1882 kinapojibiwa na cha 1940, na vyote viwili vinapojibiwa na mti uliosimama kwenye tope.

Vitabu vya kuanzia

Kwa Kiswahili, safu ya kwanza ni fupi. Kamusi ya Johann Ludwig Krapf ilichapwa London mwaka 1882, baada ya yeye kufariki mwishoni mwa 1881. Kiswahili chake ni cha Mombasa. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, nacho kina sarufi pamoja na orodha ndefu za maneno. Frederick Johnson ndiye mwenye kamusi ya Kiswahili sanifu kwa Kiingereza ya 1939, ambayo bado inatumika kazini hadi leo. Charles Sacleux, padri aliyeishi Zanzibar na Bagamoyo mwishoni mwa karne ya 19, aliacha kamusi ya Kiswahili kwa Kifaransa iliyotoka Paris kuanzia 1939. Kwa msomaji wa Kongo au Burundi aliyesoma kwa Kifaransa, Sacleux ndiye mlango mzuri kuliko wote: anafuata lahaja, na kwa kuwa alikuwa pia mkusanyaji wa mimea, maneno ya miti kwake hayapitwi haraka haraka.

Kwa upande wa mimea, tafuta kamusi ya majina ya mimea ya P. J. Greenway, toleo la 1940. Greenway alikuwa mtaalamu wa mimea katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kitabu chake ni chembamba na hakina madoido: jina la Kiswahili, jina la kitaalamu, jina la Kiingereza likiwepo. Ila ndicho kitakachofungua vingine vyote.

Kando yake weka kamusi moja ya siku hizi, ama Kamusi ya Kiswahili Sanifu (toleo la kwanza 1981, la tatu 2013) au Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Bila kitabu cha leo hutajua kilichobadilika.

Krapf na Steere wanapatikana bure kwenye Internet Archive. Pakua PDF yenye picha za kurasa, usichukue faili la maandishi matupu. Maandishi yale yalisomwa na mashine, na mashine ilizoeshwa lugha nyingine: m huigeuza in au rn, kwa hiyo ukitafuta “mkandaa” unaweza kuambiwa halipo ilhali limekaa katikati ya ukurasa. Tafuta kipande cha katikati ya neno, kwa mfano “kanda”, au fungua ukurasa mwenyewe ukifuata alfabeti. Njia ya pili ina faida yake, kwani macho huokota majirani wa neno.

Kabla ya neno la kwanza

Kikao cha kwanza kitumie chote kwenye dibaji na orodha ya vifupisho. Wengi huiruka sehemu hii, kisha wanalaumu kitabu. Nakili vifupisho kwenye kadi moja ngumu na uifanye alama ya ukurasa. Utahitaji hasa vile vinavyotaja asili ya neno (Ar. kwa Kiarabu, Pers. kwa Kiajemi, Hind. kwa Kihindi, Port. kwa Kireno) na vile vya minyambuliko. Kwa Johnson, pigana, pigisha na pigiwa hazina vidahizo vyake, yaani hazikuorodheshwa peke yake zikiwa na maelezo yake. Zimo ndani ya piga. Ukikuta kitenzi kirefu, kivue viambishi tamati hadi ubaki na mzizi, ndipo utafute.

Tahajia ndiyo kikwazo cha pili. Katika Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa alichokiandika Krapf, ch ya Unguja mara nyingi ni t, na nj ni nd: kichwa ni kitwa, jicho ni jito, mchele ni mtele, njia ni ndia, njaa ni ndaa. Msomaji asiyejua hili atafungua Krapf kwenye ch, akose neno, adhani halikuwepo karne ya 19. Penye w jaribu pia u au o. Jina la kitabu chenyewe limeandika Suahili. Maandishi ya kale huweka kh penye h yetu ya leo, kama khabari na kheri, kwa hiyo angalia pande zote mbili kabla ya kukata tamaa.

Mfano kamili: miti ya mikoko

Swali liwe hili: watu wa pwani walitofautishaje miti inayoota kwenye maji ya chumvi, ambayo mgeni huiita yote mikoko?

Andika majina unayoyajua au uliyoyasikia kwa wakata miti na mafundi wa majahazi: mkoko, mchu, msinzi, mkandaa, mlilana, mkomafi, msikundazi, kikandaa. Tafuta kila moja katika kamusi ya kawaida. Mara nyingi utakuta maelezo yanaishia “aina ya mti” au “aina ya mkoko”, na hapo msomaji wa kawaida hufunga kitabu. Usifunge. Nenda kwa Greenway uchukue jina la kitaalamu. Hatimaye orodha yako itasimama hivi: mkoko ni Rhizophora mucronata, mchu ni Avicennia marina, msinzi ni Bruguiera gymnorrhiza, mkandaa ni Ceriops tagal, mlilana ni Sonneratia alba, mkomafi ni Xylocarpus granatum, msikundazi ni Heritiera littoralis, kikandaa ni Lumnitzera racemosa.

Sasa soma jina la kitaalamu lenyewe, maana nalo lina habari. Ukiona Avicennia marina (Forssk.) Vierh., aliye ndani ya mabano ndiye aliyeupa mmea jina kwanza, na aliye nje ndiye aliyeuhamishia jenasi (kundi la mimea ya jamaa moja, hapa Avicennia) ulipo sasa. Forssk. ni Pehr Forsskål, aliyekwenda Uarabuni na msafara wa Denmark akafia Yemeni mwaka 1763. Kazi yake ilichapwa 1775 na Carsten Niebuhr, msafiri mwenzake aliyerudi hai. Kwa hiyo mchu wa Lamu na Rufiji unabeba jina lililoanzia pwani ya Bahari ya Shamu. Herufi sita na nukta zimekufikisha huko.

Kisha hakikisha jina halijapitwa na wakati. Majina ya kitaalamu hubadilika, na kitabu cha 1940 hakiwezi kujua ya leo. Mvule katika vitabu vya wakati ule ni Chlorophora excelsa. Leo ni Milicia excelsa. Migunga iliyokuwa yote Acacia imegawanywa, mingi ikawa Vachellia au Senegalia, baada ya uamuzi wa wataalamu wa 2005 uliothibitishwa 2011. Ingiza jina la kale kwenye tovuti ya Plants of the World Online ya bustani ya Kew, nayo itakuonyesha linalokubalika sasa. Kwenye daftari weka yote mawili, kwa kuwa bila jina la kale huwezi kurudi kwenye kitabu cha kale.

Hatua ya mwisho ni kwenda kuona. Nenda wakati wa maji kupwa, vaa viatu vya kufunga, na uanze na mizizi kabla ya majani. Mkoko una mizizi ya magongo inayoshuka kutoka shinani na kujikita kwenye tope. Mchu umezungukwa na vijiti vyembamba vilivyochomoza wima, unene wa penseli. Vya mlilana ni vigingi vinene vyenye ncha. Msinzi hutoa mizizi iliyokunjwa mfano wa goti. Mkomafi una mizizi bapa inayojipinda juu ya tope, na tunda lake ni duara kubwa lenye mbegu za pembepembe. Ukibaki na shaka kuhusu mchu, chuma jani, uligeuze: chini ni jeupe la kijivujivu, na juu mara nyingi kuna punje za chumvi ambazo mti umezitoa. Ziguse kwa ulimi.

Ukirudi nyumbani, endelea na maneno yaliyozaliwa na miti hiyo. Wauzaji huipanga kwa unene, kutoka nyembamba hadi nene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Tafuta kila moja katika Krapf na Johnson. Hapo utaona paa la nyumba ya pwani likijengwa ndani ya kamusi, neno kwa neno, na huenda ndiyo sehemu tamu kuliko zote.

Daftari lako liwe na safu sita tu: neno, kitabu na ukurasa, mwaka, maana kama ilivyoandikwa, jina la kitaalamu la kale na la sasa, na mahali ulipokiona kitu chenyewe. Usiunganishe maana za vitabu viwili kwenye mstari mmoja. Ukiziunganisha, baada ya mwezi hutajua nani alisema nini, nawe utakuwa umetunga maana ya tatu isiyo na mwenyewe. Vidahizo vitano kwa kikao vinatosha. Ukifuata rejea zote utajikuta usiku wa manane una kurasa kumi wazi na huna hata mstari mmoja ulioandikwa.

Kitabu cha barua na mbayuwayu

Katika vitabu vya viumbe vya Ulaya, kinachompa msomaji mgeni raha ya mapema ni cha Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, Uingereza, kilichotoka 1789. Ni barua: 44 kwa Thomas Pennant na 66 kwa Daines Barrington. Barua tisa za mwanzo hazikuwahi kutumwa. Ziliandikwa kwa ajili ya kitabu ili kueleza kijiji, na huko ndiko wasomaji wengi hukwama. Anza na ya kumi, ya mwaka 1767. Kisha ruka hadi kwa Barrington, usome ya 16, ya 18, ya 20 na ya 21 kwa mfululizo, barua moja kila usiku. Ni habari za ndege wanne: watatu wa jamii ya mbayuwayu, na wa nne yule mwenye mabawa marefu ya mundu ambaye White alimweka pamoja nao. Wataalamu wa leo wamemtenga kabisa, wanamhesabu karibu zaidi na ndege wadogo wa Amerika wanaonyonya maua.

Fuatilia neno moja tu, majira ya baridi. Wakati huo haikujulikana kwa hakika mbayuwayu huenda wapi. Wapo waliosema hujificha mashimoni au chini ya maji. White anayumba kati ya kuhama na kujificha, barua hadi barua, na uzuri wa kitabu umo katika kuyumba huko kwa uaminifu. Jibu lilikuja baadaye sana: mbayuwayu aliyefungwa pete mguuni Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Nasi tunawaona mbayuwayu wa kaskazini wakifika Afrika Mashariki kuanzia Septemba na kuondoka kufikia Aprili au Mei. Yaani msomaji wa Morogoro analiona kwa macho jambo lililomsumbua White maisha yake yote. Ukisoma nakala ya picha ya toleo la 1789, jihadhari na s ndefu inayofanana na f.

Utunzaji wa nakala za karatasi

Unaponunua kwa mkono, linganisha mwaka wa toleo na mwaka wa chapa, kisha pitisha kidole kwenye nambari za kurasa za mwanzo na za mwisho, ambako upungufu hutokea zaidi. Andika kwa penseli laini, kamwe usitumie kalamu. Usizibe mpasuko kwa utepe wa plastiki: gundi yake huiva, hugeuka kahawia na kula karatasi.

Pwani, adui ni unyevu. Ukungu huanza hewa inapokaa juu ya asilimia 65 ya unyevu, kwa hiyo rafu isigusane na ukuta wa nje. Acha nafasi ya sentimita 5 hadi 10 nyuma yake. Ukiona vitundu na unga mpya, kuna wadudu ndani. Kifunge kitabu ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, kiache ndani ya mfuko kwa siku nzima kabla ya kufungua, ili umande utue juu ya plastiki badala ya karatasi.