Wazo Changa Halipelekwi Barazani

Mtu wa Mombasa akipata wazo jipya, liwe la utenzi, la mapishi au la biashara, hutamani kulieleza jioni ile ile barazani, huku kahawa tungu ikizunguka. Ningemshauri asubiri. Wanabaraza hawamtakii mabaya. Wengi wanampenda, na kwa mapenzi hayo watamhesabia hatari zote papo hapo: kwamba jambo hilo lishafanywa, kwamba halitauzika, kwamba afadhali atafute kazi bandarini. Neno la hasidi mtu huweza kulipuuza, lakini neno la mjomba humwingia.

Tuchukue mfano wa binti wa Kibokoni anayetaka kubuni leso. Akae peke yake, aandike majina ishirini ya leso, yaani misemo inayochapwa juu yake, bila kufuta hata moja, yakiwemo yanayomchekesha, kisha ayaache siku mbili tatu kabla ya kuyachambua. Alex Osborn, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara, alisisitiza mwaka 1953 kwamba kukusanya mawazo na kuyahukumu ni kazi mbili zisizofaa kufanywa kwa wakati mmoja. Yeye aliamini kundi hutoa mawazo mengi zaidi. Hata hivyo, utafiti uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kuwa watu waliofanya kazi kila mmoja peke yake, mawazo yao yakajumlishwa baadaye, waliwashinda waliokaa kundini. Kwa hiyo upweke huo wa mwanzo usionekane kuwa ni uchoyo.

Kila wazo liandikwe daftarini pamoja na tarehe. Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, zimetufikia kwa sehemu kubwa kwa sababu wazee kama Mwalimu Sikujua walizihifadhi, naye mmisionari W. E. Taylor akazikusanya miongo kadhaa baadaye. Bahati hiyo haimpati kila mtunzi. Zaidi ya hayo, hakimiliki ya Kenya hulinda kazi iliyokwisha andikwa au kuchorwa, wala hailindi wazo lililo kichwani. Anayetaka kusajili mchoro wa bidhaa kwa KIPI, taasisi ya Kenya ya mali ya viwandani, naye afanye hivyo kabla ya kuusambaza mtandaoni, kwa kuwa mchoro unaosajiliwa hutakiwa uwe mpya.

Baada ya hapo ndipo amtafute mtu mmoja, si kumi, na mtu huyo awe ameishika kazi yenyewe kwa mikono yake. Muuza leso wa Barabara ya Biashara, anayejua wateja hugeuza kitambaa wapi kwanza, atamfaa kuliko rafiki msomi. Asimuulize, “Unaonaje?” Swali hilo lilinipotezea mimi mwaka mzima, maana kila aliyeulizwa alinijibu kwa hali ya moyo wake siku hiyo. Amuulize jambo mahususi kuhusu pindo, yaani ukingo wa leso, kuhusu mji, yaani sehemu yake ya katikati, au kuhusu jina: “Pindo hili linaumeza mji?” au “Jina hili mama mkwe atalipokeaje?”

Akivunjwa moyo, aulize sababu kwa adabu na kuiandika. Sababu inayohusu kazi, kama vile rangi kufifia au jina kuwa refu, ina dawa. Inayomhusu yeye, kwamba ni mdogo au kwamba kwao hakuna fundi, haina pa kuandikwa.

Kisha ajaribu kwa gharama ndogo. Achore pindo, mji na jina kwenye kipande cha kitambaa cha marekani chenye ukubwa wa leso, amfunge ndugu yake, kisha amwambie atembee kutoka mlangoni hadi mwisho wa kichochoro. Jina likimezwa na mikunjo kabla hajafika nusu ya njia, alisogeze na kuchora upya, na barazani wasubiri wiki nyingine.