Klachi ya Spoti Ikisumbua: Anza na Pedeli, Giaboksi Iache Juu

Subaru au Lancer ikishafungwa klachi ya spoti, yaani kali kuliko ya kawaida, lawama zote huangukia klachi. Gia ikigoma ni klachi, gari likitetemeka likiondoka ni klachi. Mwenye gari anatoa pesa, giaboksi inashushwa, na kumbe ubovu ulikuwa kwenye pedeli, ambapo tochi na spana mbili zingetosha. Hapa Malindi kazi hii naianzia ndani ya gari, nashuka chini ya boneti, na giaboksi naigusa mwisho, nikiwa na ushahidi.

Hatua ya 1: Jua umefunga nini

Usidanganywe na "steji 1" au "steji 3" iliyoandikwa kwenye boksi. Kila kiwanda kina steji zake. Uliza mambo mawili: pleti (sahani inayounganisha injini na giaboksi) ni ya kawaida ya duara zima au ya vipande vya seramiki, na katikati ina springi au haina. Ya vipande isiyo na springi itashika kwa ghafla na itatetemeka kiasi hata ikiwa mpya. Huo si ugonjwa, ndiyo tabia yake. Kwa gari la kushinda mjini kati ya tuktuk na matuta, mimi singeifunga kabisa. Presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti) ngumu kidogo na pleti ya kawaida vinatosha.

Hatua ya 2: Tenga ugonjwa

Klachi inateleza, au haiachii? Watu huchanganya hayo mawili.

Kama unashuku inateleza, vuka daraja la Sabaki uelekee Mambrui, barabara ikiwa wazi. Weka gia ya nne, mwendo wa kilomita 60 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mshale wa mizunguko ukipanda huku spidi imebaki palepale, inateleza. Jaribu ikiwa baridi, kisha ikiwa moto, maana tofauti hiyo utaihitaji hatua inayofuata. Ule mchezo wa kuvuta hendibreki na kulazimisha gari liondoke uachie wenye pesa za pleti nyingine.

Kama haiachii, gia zitaingia vizuri injini ikiwa imezimwa, lakini ukiiwasha rivasi inasaga.

Hatua ya 3: Pedeli

Hapa ndipo magari mengi hupona. Bonyeza pedeli kwa kidole, si kwa mguu. Mwanzoni iende kidogo bila uzito wowote, ndipo ukute ugumu. Kipimo kamili kiko kwenye kitabu cha gari lako, ila nafasi hiyo lazima iwepo.

Kwa nini inapotea? Klachi mpya haiachii vizuri, fundi anairefusha fimbo ya masta ya juu (pampu inayosukumwa na pedeli) ili pedeli ianze kusukuma mapema, gia zinaingia, kila mtu anafurahi. Lakini sasa pistoni hairudi hadi mwisho, na kile kitundu kinachorudisha mafuta ya klachi kwenye kikopo kimezibwa. Asubuhi gari liko sawa. Ukifika Watamu injini imepata moto, mafuta yametanuka ndani ya bomba, hayana pa kwenda, yanaisukuma klachi kama vile umeikanyaga nusu. Inaanza kuteleza, na unaambiwa pleti imeisha.

Kuthibitisha ni rahisi. Gari likiwa linateleza na moto, vaa miwani, fungua kidogo niple (skrubu ya kutolea upepo) ya silevu, pampu ya chini inayosukuma klachi, bila mtu kukanyaga pedeli. Mafuta yakiruka kwa nguvu, na ukishafunga niple klachi ikashika tena, mgonjwa umempata. Legeza nati ya fimbo, irudishe hadi nafasi ipatikane, kaza. Yaliyomwagikia rangi ya gari yaoshe kwa maji mara moja.

Hatua ya 4: Mafuta, upepo na mwendo wa silevu

Mafuta ya klachi, DOT 4, hunyonya unyevu hewani, na pwani unyevu haukosekani. Yakiwa meusi, badilisha yote na utoe upepo. Funua mpira wa vumbi wa silevu, kisha wa masta ya juu upande wa pedeli. Ukikuta umajimaji ndani, sili imekwisha.

Halafu mwambie kijana akanyage polepole hadi chini na ashikilie, wewe uwe na rula kwenye fimbo ya silevu. Linganisha na kipimo cha mtengenezaji. Fimbo ikirudi taratibu ilhali pedeli imeshikiliwa, masta inapitisha mafuta. Tazama pia mpira wa bomba: presha pleti ya spoti inadai nguvu zaidi, na mpira mzee utauona ukivimba. Bomba la kusukwa kwa waya wa chuma linamaliza hilo.

Hatua ya 5: Kelele na mtetemo

Kelele inayokuja ukikanyaga pedeli, shuku beringi ya klachi. Inayopotea ukikanyaga, shuku beringi za giaboksi. Kwa mtetemo, kagua kwanza maunti za injini na giaboksi, yaani mipira inayozishikilia. Klachi kali huzifichua zilizochoka.

Hatua ya 6: Giaboksi ikilazimika kushuka

Tafuta oili kwenye pleti, inayovuja kutoka sili ya nyuma ya injini. Angalia pleti haikufungwa kinyume. Upande wa flaiwili (gurudumu zito la injini linalobanwa na pleti) huwa umeandikwa. Flaiwili yenye madoa ya buluu iliungua, ipeleke ikachongwe.

Kabla ya kufunga, futa kwa dawa ya kusafishia breki ile oili ya kuzuia kutu inayokuja na presha pleti. Boliti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa spana ya kipimo. Giaboksi isining'inie kwenye pleti hata dakika moja: pleti ikipinda, haitaachia tena.

Pleti ya kawaida ipe kama kilomita 800 za mjini, kuondoka kwa upole, bila kuvuta mzigo. Ya seramiki fuata karatasi yake. Mchanga wa ufuoni na barabara ya Sala, ya kwenda Tsavo, visubiri hadi hapo.