Umchome au umwache? Namna ya kuamua kabla hujamripoti mtu anayelipwa keshi mkononi

Kuna swali linarudi kila msimu, kuanzia mashamba ya parachichi ya Njombe mpaka site za Uyole na Kihesa: kuna mtu namjua anapiga kazi, jioni anashika keshi yake, hana TIN (namba ya mlipakodi), hana risiti, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) hata jina lake hawalijui, nikamripoti au ninyamaze? Na wengi wanaouliza wameshaamua tayari, wanatafuta tu ofisi ya kwenda. Subiri kidogo mkuu, tupige hesabu kwanza, maana watu kibao wanaenda kuchoma mtu ambaye kodi yenyewe hadaiwi.

Chukua fundi tiles anayetembea na grenda yake na pima maji kwenye begi. Tuseme anapata elfu 15 kwa siku, na kwa mwezi anabahatisha siku 20, zilizobaki yuko kijiweni anasubiri simu. Hiyo ni laki 3 kwa mwezi, milioni 3 na laki 6 kwa mwaka. Sasa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake ya mwaka hayazidi milioni 4, kodi yake ya makadirio ni sifuri. Ndo kundi lile lile lililopewa vitambulisho vya wajasiriamali kwa elfu 20 mwishoni mwa 2018. Huyo ukimpeleka TRA (mamlaka ya mapato) umepeleka sifuri au karibu na sifuri, labda wamwambie akachukue TIN, ambayo ni bure na ungeweza kumwambia wewe mwenyewe mkiwa mnakunywa chai.

Tofauti inakuja fundi akishakuwa na vikosi vitatu, anachukua tenda za maghorofa, alafu anakuwekea bei mbili mezani, ya risiti na ya bila risiti. Huyo anajua anachofanya. Ila kumbuka na we uliyechagua bei ya bila risiti una kosa lako, sheria inamtaka mnunuzi naye adai risiti, sio muuzaji peke yake. Watu wanasahau hapa. Mtu anajengewa nyumba nzima bila karatasi hata moja, wakigombana juu ya choo kinachovuja ndo anakumbuka kwamba fundi halipi kodi.

Sasa tuje kwenye kundi ambalo mi naona ndo lenye kesi yenyewe, na ndo linaloripotiwa kidogo kuliko yote. Nenda kwenye yadi ya mbao Mafinga, zile za mashine za kupasulia magogo, ding dong. Vijana kumi na kitu, wengine wanasukuma gogo, wengine wanapanga mbao, wengine wanapakia semi, vumbi mpaka kwenye kope. Jumamosi bosi anatoa kaunta buku, majina yameandikwa upande wa kushoto, vijistari vya siku upande wa kulia, anahesabu, anakata advansi, anatoa noti, kwisha. Mtu yupo pale mwaka wa tatu ila anaitwa deiwaka, yani kibarua wa siku. Tuseme ni elfu 10 kwa siku kwa siku 26, jumla 260,000. Mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE, kwaiyo kwa huyo kijana hapo serikali haidai kodi ya mshahara hata shilingi. Anayeibiwa ni yeye. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10, maana yake elfu 52 kila mwezi ilitakiwa iingie kwa jina la kijana na angalau elfu 26 itoke mfukoni kwa bosi. Juu yake kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5 tu, yani shilingi 1,300, na hiyo analipa bosi mwenyewe, mfanyakazi hakatwi. Shilingi 1,300! Alafu msumeno ukimla mtu vidole anapewa elfu 50 ya kwenda kufunga bandeji na anaambiwa apumzike mpaka apone. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180, kwaiyo kila mwaka unaopita kwenye kaunta buku ni miezi 12 imekwenda na hairudi.

Kwaiyo kipimo changu ni hiki, jiulize nani anakula hela ya nani. Kama mtu anakula jasho lake mwenyewe na ni hela ya ugali na ada, mwache. Kama kuna mtu amekaa juu anakula cha waliopo chini, hapo ripoti, ila muripoti yule wa juu. Anayetakiwa kuandikisha, kukata na kupeleka michango ni mwajiri, kijana wa deiwaka hana kosa hapo, usiende kumtaja yeye kama mtuhumiwa.

Kuna mawili yanachanganya watu. La kwanza ni TASAF, mama yupo kwenye mpango wa kunusuru kaya maskini na mtu kamuona anachuma chai kwa kibarua Tukuyu, basi keshakuwa mwizi. Hapana, kufanya kibarua sio kosa, mpango wenyewe una ajira za muda ndani yake. Kama unaamini kaya inajiweza kabisa na ilipenya kimakosa, orodha ya walengwa huwa inapitishwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, nyanyua mkono useme palepale mbele za watu. Ukiona huwezi kusema mbele za watu, jiulize kwanini. La pili ni wahitimu wenye mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) wanaoomba walipwe mkononi ili wakwepe makato ya asilimia 15. Huyo hela anayoikimbia ni ya mdogo wako anayesubiri mkopo, siwezi kumtetea, lakini ningeanza kwa kumwambia ana kwa ana, maana deni halifutiki kwa kujificha. Na shule au kampuni inayowaficha walimu wake kumi kwa mtindo huo, hiyo sio ya kuongea nayo, hiyo ni ya kuripoti.

Na sasa swali gumu, je ungemripoti kama msingekuwa na ugomvi? Kama ana fremu inayouza kuliko yako pale Mwanjelwa, au mnagombania mpaka wa shamba, au alikuacha akaoa mwingine, hiyo ni roho ya kwanini tu, lala kwanza, fikiria tena kesho.

Ukishaamua, nenda ofisi inayohusika, sio kila kitu ni TRA. Kukwepa kodi na kutotoa risiti ndo TRA, na unaweza kuomba jina lako lisitajwe. Michango isiyopelekwa ni NSSF, ofisi zipo Mbeya mjini na Iringa. Mazingira ya kazi, mishahara chini ya kima cha chini, kukosa mikataba, hiyo ni kwa afisa kazi wa mkoa. Ofisa yeyote akianza kukwambia faili haliendi bila kitu kidogo, TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113. Ukikuta mtoto anabeba tofali au anasukuma magogo muda wa shule, hapo usipige hesabu yoyote, piga 116, simu ya msaada kwa mtoto, siku hiyohiyo.

Usianze kwa kuposti kwenye group la WhatsApp la mtaa. Bosi atajua kabla ya ofisa yeyote, kaunta buku itachomwa na vijana wataambiwa wasije kesho.

Unachopeleka kiwe ulichokiona, sio ulichosikia saluni. Jina la biashara, ipo wapi, watu wangapi wanafanya kazi pale, wanalipwa siku gani na kwa njia gani, tangu lini. "Yule jamaa tajiri ananunua magari" sio taarifa. Fupi na ya kweli inatosha, na ukipeleka uongo kwa makusudi ujue ile sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa haiwezi kukukinga.

Kama wewe ndo kijana wa kaunta buku, mambo ni tofauti kidogo. Anza kukusanya mapema, kabla ya ugomvi: piga picha ukurasa wenye jina lako, tunza meseji za M-Pesa, andika tarehe ulizoingia kazini. Usikate tamaa kwa kuwa hujapewa mkataba, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi basi mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake yeye (ila sio kwa mtu anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi). Na kufukuzwa kwa sababu umetoa taarifa ambayo sheria inakuruhusu kutoa sio sababu halali, kifungu cha 37, japo kinga hiyo haimhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini, ndo maana tarehe ya kuanza ni muhimu sana. Ukifukuzwa una siku 30 tu za kufungua mgogoro CMA (tume ya usuluhishi na uamuzi wa migogoro ya kazi), kwa madai mengine ni siku 60, unajaza fomu namba 1. Watu wanapoteza haki zao hapo, anakaa nyumbani miezi miwili anasubiri bosi apoe.

Na kama pale kazini kuna wenzetu waliovuka kutoka Malawi, wale wa Kyela na Mbeya mnawajua, fikiria mara mbili unaanzia ofisi gani. Ukikimbilia uhamiaji jamaa anarudishwa mpakani Kasumulu bila mshahara wa miezi yake na bosi anaajiri mwingine wiki hiyohiyo. Anzia kwa afisa kazi na dai la mshahara, na popote unapopeleka andika jina la aliyekupokea, tarehe, na omba namba ya kumbukumbu kabla hujatoka mlangoni.