Jamii inamwonaje mhusika? Tumchambue Bugonoka

Nafundisha fasihi kidato cha tano na sita hapa Mwanza. Sentensi ninayoikuta sana kwenye madaftari ni hii: "Jamii inamdharau Bugonoka kwa kuwa hana mtoto." Napigia mstari neno jamii, naandika pembeni: nani hasa?

Riwaya yenyewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ni ya hapa kwetu ziwani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapwa 1980. Isome kwanza bila kalamu mkononi.

Hatua ya 1. Chora jedwali la safu nne: msemaji, maneno yake, kasema mbele ya nani, ana undugu gani na mhusika. Ndugu za mume wanamsimanga Bugonoka. Wazazi wake wanakuja kumchukua binti yao. Myombekere, mumewe, bado anamtaka. Tayari una pande tatu.

Hatua ya 2. Kila dondoo uliulize: msemaji anaogopa nini? Ndugu za mume wanahofia ukoo kukatika; wazazi wanaona nyumba yao imevunjiwa heshima. Ndivyo ilivyo hata kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba: mama wa dagaa anayemdai mtu atamwita tapeli, na jirani aliyesaidiwa kuzika na mtu huyohuyo atamwita muungwana.

Hatua ya 3, na hapa usiharakishe. Weka vitendo kando ya maneno. Myombekere anafunga safari kwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi. Wanafunzi wangu huliruka tukio hili wakidhani ni mapambo ya mila, nami huwarudisha. Faini ile ni kauli. Wakwe wanasema kosa liko upande wa mume, binti yao ana thamani, na mlango haujafungwa. Wangetaka ndoa ife, wangerudisha mahari. Naye Myombekere, kwa kukubali kulipa, anawajibu ndugu zake bila kufungua mdomo.

Hatua ya 4. Tenga sauti ya msimulizi na ya wanakijiji.

Hatua ya 5. Baadaye Bugonoka anawazaa Ntulanalwo na Bulihwali. Warudie wasemaji walewale wa jedwali lako, uone nani amebadili kauli na nani amenyamaza. Aliyenyamaza naye mwandikie mstari wake.

Sasa iandike upya ile sentensi: "Ndugu za Myombekere wanampima Bugonoka kwa uzazi, wazazi wake wanampima kwa heshima ya nyumba aliyotoka, na mumewe anamtetea kwa miguu yake."